Kabla Sijakuachia Funguo

Keti, Rufino. Pesa zako nimezihesabu mara mbili,
zimetimia. Lakini funguo ziko mfukoni mwa aproni
na hazitoki humo mpaka unisikilize.

Gari hili limekula chumvi nyingi kuliko wewe.
Au niseme kweli: hapa Uyuni chumvi ndiyo inayokula.
Ilianza na madigadi, ikapanda sakafuni,
ikatoboa chini ya kiti cha nyuma tundu
ambalo mwanangu Nayra alidondoshea maganda ya karanga
njia nzima hadi Oruro.
Ukitoka kwenye uwanda wa chumvi usile, usivue kofia:
chukua mpira wa maji, lala chali,
lioshe tumbo kwanza.
Wanaoanza na boneti wanaoshea majirani.

Asubuhi usilikurupushe.
Baridi iliyopasua chupa uani haikuiacha oili salama,
imeganda kama asali ya kopo.
Washa, liache likohoe,
wewe rudi jikoni unywe chai yako ya koka.
Kikombe kikiisha, nalo limeamka.

Rejeta ni sufuria yenye kifuniko, basi.
Na huku juu maji huchemka kabla viazi havijaiva, unajua.
Usiifungue ikiwa moto. Tazama mkono huu.
Nilikuwa na haraka ya ubatizo
wa mtoto ambaye hata si wetu.
Wala usitie maji matupu; Julai yatageuka barafu
na kukupasulia bloku. Dawa ya kijani, nusu kwa nusu.
Ukisikia harufu ya sukari ndani, na hujabeba sukari,
simama.

Likilia kama kifaranga, ni mkanda wa feni.
Likigonga ukikata kona ya kushoto, ni jointi, itakuvumilia mwezi.
Breki zikisaga chuma kwa chuma
usiniulize mimi, muulize padri.

Likikataa kuwaka, likasema *tik* mara moja na kunyamaza,
usimwite Gumercindo. Atakuuzia stata.
Fungua boneti: vichwa vya betri vimeota unga mweupe.
Maji ya moto, magadi, mswaki wa zamani, kaza nati.
Stata tatu nimemnyima yule bwana,
na bado ananisalimia.

Jumanne ya kanivali utalivisha karatasi za rangi,
utamwaga bia kwenye magurudumu yote manne.
Fanya. Mama Ardhi apate chake.
Ila siku hiyo hiyo vuta kijiti cha oili,
kifute, kirudishe, kivute tena.
Mwaka niliosahau, Pachamama alikunywa bia yake vizuri tu
na injini ikanifia Río Mulatos,
mbwa wawili wakinitazama.

Jeki inateleza. Chini ya kiti cha dereva kuna jiwe,
liweke nyuma ya gurudumu kabla hujainua chochote.
Usilitupe ukidhani ni jiwe. Nimelichagua.

Redio usiitengeneze.
Inashika kituo kimoja, nayo hukatika mlimani,
na hapo ndipo unapoisikia injini.

Mume wako yuko wapi, wananiuliza, mpaka uuze gari?
Mume wangu hakujua hata kuendesha.
Ni klachi. Ni nzito, na goti hili la kushoto
daktari wa Potosí alilipiga picha, akacheka, akasema:
"Mama Teodosia, beringi imekwisha."
Alidhani ananitania.
Nilimwelewa kuliko alivyotaka.
Nikamuuliza spea. Akaacha kucheka.

Haya. Shika.
Huu wa mlango, huu wa kuwashia, uinue kidogo unapozungusha,
kidogo, kama unayemwinua mtoto kidevu.

Unakwenda wapi?
Kaa chini, Rufino.
Kikombe chako bado nusu.